Baba, vua shati

Nesi aliyenifungulia mlango alikuwa mtu mzima, makamo ya mama yangu mdogo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanitazama tangu viatu hadi kola, kisha akasema, "Baba, vua shati."

Nilidhani sijamsikia vizuri. Ilikuwa Agosti 2016, saa kumi na moja alfajiri, katika hospitali moja ya misheni mkoani Ruvuma, na baridi ya kwetu ilikuwa bado haijakata. Usiku kucha nilikuwa nimekaa nje chini ya mwembe na wanaume wengine, mfukoni nina fedha nilizokopa kwa mwalimu mwenzangu. Mwanaume akiitwa wodi ya wazazi huwa ameitiwa jambo moja: dawa haipo, kanunue nje. Kwa hiyo niliposikia jina langu nilitoa pochi kabla sijafika mlangoni.

Fedha haikutakiwa. Mke wangu alikuwa amepasuliwa kwa sababu ya presha ya ujauzito na amelazwa chumba kingine, hajitambui sawasawa. Mtoto alikuwa ametoka wiki ya 31, ana gramu 1,350. Mashine ya kutunzia joto ilikuwa moja, na ndani yake tayari walilala watoto wawili. Mama mkwe alikuwa njiani na basi lake lingefika jioni. "Huyu anataka kifua chenye joto sasa hivi," nesi akaniambia, "na kilichopo ni cha kwako."

Nikavua. Akaniwekea mwanangu kifuani, uchi, ana nepi, kofia ya sufu na soksi tu, kichwa kimegeuzwa upande ili pua ipate hewa, miguu imekunjwa kama ya chura. Akatufunga pamoja kwa kitenge cha mke wangu, akanirudishia koti juu ya mabega. Mtoto alikuwa mwepesi kuliko daftari za darasa moja ninazobeba jioni kwenda kusahihisha. Kwa siku 19 nilikaa hivyo, nikipokezana na mama mkwe, halafu na mke wangu alipopata nguvu za kukaa.

Mambo haya yamenirudia mwezi uliopita, nilipohudhuria semina ya wanaume katika parokia jirani. Ukumbi ulijaa. Mwezeshaji alitoka mjini, msemaji hodari, na kwa saa tatu alitueleza kwamba mwanaume wa leo amenyang'anywa kiti chake: mke ana mshahara wake, watoto wana simu zao, polisi kuna dawati la jinsia, na baba amekuwa mgeni nyumbani kwake mwenyewe. Dawa aliyotupa ilikuwa moja, mwanaume arudi akakae kwenye kiti chake. Neno "kichwa" alilitaja mara nyingi hata nikaacha kuhesabu. Wanaume walipiga makofi. Siwalaumu, kwa sababu sehemu kubwa ya maumivu aliyoyataja ni ya kweli.

Nafundisha shule ya msingi, huu ni mwaka wa 22. Kikao cha wazazi kikiitishwa, madawati hujaa vitenge na khanga. Akina baba unawamaliza kwa vidole vya mkono mmoja. Wavulana niliowafundisha kusoma nawakuta stendi wakiendesha bodaboda za watu. Kila jioni wanapeleka hesabu kwa tajiri, na kinachobaki kinaishia kwenye kubeti. Wako waliomaliza darasa la saba hawajawahi kuniletea baba yao shuleni hata siku moja, na si kwamba baba amekufa. Kijana wa namna hiyo akiniuliza uanaume ni nini, siwezi kumjibu kwamba swali lake limepitwa na wakati, kama wasemavyo baadhi ya wasomi wetu. Tukilinyamazia kanisani, litajibiwa na tangazo la kamari, au na yule bwana wa kwenye simu anayewafundisha vijana kwamba mwanamke hutawaliwa kwa kunyimwa.

Kwa hiyo nilikuwa pamoja na mwezeshaji mpaka alipofungua Biblia. Alisoma barua kwa Waefeso, sura ya tano, akatua kwenye mstari wa 23, pale mume anapoitwa kichwa cha mke, akafunga kitabu. Hapo ndipo wengi wetu tunapofunga. Sijui ni semina ngapi za wanaume nimekaa katika maisha yangu, na sikumbuki hata moja iliyovuka kwenda mstari wa 25. Ukivuka, unakuta Paulo akimsemesha mume kwa maneno mengi kuliko aliyomwambia mke, na katika hayo yote hamwagizi kutawala hata mara moja. Anamwagiza kupenda. Anamwonyesha Kristo aliyejitoa. Kisha katika mstari wa 29 anamwambia mume amtendee mke wake kama mtu anavyoutendea mwili wake mwenyewe, kwa kuulisha na kuutunza.

Hilo neno la kutunza nililisoma miaka na miaka bila kulitazama. Aliyenifumbua macho ni padre mmoja aliyesomea Maandiko. Alinieleza kwamba katika Kigiriki alichoandika Paulo neno lililopo hapo ni thalpo, na maana yake ya asili ni kutia joto. Katika Agano la Kale la Kigiriki, kitabu cha Kumbukumbu la Torati, limetumika kwa ndege aliyeatamia mayai na makinda yake. Katika Agano Jipya zima limo mara mbili tu. Mara moja ni hapo, kwa mume. Mara nyingine ni katika barua ya kwanza kwa Wathesalonike, sura ya pili, ambako Paulo, mwanaume mseja, mtu wa safari, viboko na vifungo, anajifananisha na mama anayewalea watoto wake.

Padre alinieleza jambo hilo kama elimu. Mimi nilikuwa nimeshalisoma kwa ngozi.

Mtoto njiti hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi. Joto linamtoka kama maji kwenye chungu chenye ufa, na akipoa, nguvu alizopaswa kuzitumia kukua anazimaliza akipigana na baridi. Kifua cha mtu mzima kinampa joto hilo bila umeme. Anayeheshimiwa kwa kuianzisha njia hii ni daktari Edgar Rey Sanabria wa Bogotá, nchini Colombia, mwaka 1978, hospitali yake ilipokuwa na watoto wengi na mashine chache. Watu wanaiita njia ya kangaroo. Wakubwa wa tiba walichelewa kuiamini, wakidhani ni dawa ya maskini tu. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa Tanzania kwa watoto zaidi ya 3,200 waliozaliwa na uzito kati ya kilo 1 na chini kidogo ya kilo 1.8. Waliowekwa kifuani mapema, bila kusubiri kwanza hali itulie, walikufa asilimia 12 katika siku 28 za mwanzo. Waliotunzwa kwa utaratibu wa zamani walikufa asilimia 15.7. Nilipozisoma tarakimu hizo niliziweka kando nikaenda kumtazama mwanangu aliyekuwa nje anacheza.

Ila kazi yenyewe ni ngumu kwa namna ambayo sikuitegemea. Nimelima mashimo ya ngoro tangu utotoni. Nimebeba magunia ya kahawa mlimani. Nguvu hizo zote hazikunisaidia. Huwezi kulala ubavu. Huwezi kujikuna. Kila baada ya saa mbili unamwaga maziwa yaliyokamuliwa kwenye bomba la sindano na kuyatazama yakishuka yenyewe kwa mpira uliopita puani, na hairuhusiwi kuyasukuma ili yaende haraka. Asubuhi mtoto anawekwa kwenye mizani. Siku ya tano alipungua gramu 40, nikalia mbele ya wanawake kumi na mmoja, na hakuna aliyenicheka. Mmoja wao, binti ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wangu, alinisogezea kikombe chake cha uji.

Likizo ya uzazi ya baba wakati ule, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ilikuwa siku 3, nazo zilipaswa kuchukuliwa ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Zangu ziliisha kabla mtoto hajafumbua macho vizuri. Nilipompigia mkuu wangu wa kazi wa wakati ule kuomba ruhusa zaidi, aliniuliza kama mimi ndiye niliyejifungua. Nikachukua siku zangu za likizo ya mwaka. Mkuu yule alikuwa Mkristo mwenzangu, tunaimba naye kwaya moja.

Aliyenitia hofu kuliko mkuu wa kazi alikuwa baba yangu mzazi. Mzee alikuwa katekista wa kigango chetu kwa miaka 34. Alitembea kwa miguu milima ya Umatengo akifundisha katekisimu, alizika maiti padre asipofika, na hakuna mtu kijijini aliyemtilia shaka kwamba ni mwanaume na ni Mkristo. Sisi watoto wake tulikuwa tisa. Sina kumbukumbu ya kupakatwa naye. Alipokuja hospitali alisimama mlangoni kofia mkononi, akaniona nimekaa kati ya wanawake, kifua wazi, kitenge kiunoni, akatoka nje bila kusema. Nilimfuata baada ya nesi kumpokea mtoto. Akaniambia kwa upole, na upole wake ulinichoma kuliko ukali, "Mwanangu, kwetu mwanaume hakai mle."

Sikuwa na jibu. Nilimwambia tu kwamba mtoto alikuwa anapoa.

Akarudi kijijini, na mavuno ya kahawa yalikuwa yamepamba moto. Siku ya nne akaja tena kwa lori la chama cha ushirika. Amekunja mkononi koti lake zito la sufu, lile la Pasaka na Noeli, alilopewa na wamisionari alipotimiza miaka 25 ya utumishi. Hakuingia wodini. Alimkabidhi nesi, akasema, "Mpeni huyo baba." Lilinitosha mimi na mtoto ndani yangu. Mzee alifariki mwaka 2020. Hatukuwahi kulizungumza tena jambo lile, na koti ninalo.

Sasa niseme lililo gumu zaidi kulisema, kwa sababu bila hili mtu anaweza kudhani nimeandika ili nijisifu.

Mwaka 2014, miaka miwili kabla ya siku ile ya shati, nilikuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo ndogo. Nikaitwa usiku kwa mwanajumuiya mmoja. Nikamkuta mke wake amekaa jikoni, jicho moja limefumba kwa uvimbe, watoto wamejibanza nyuma ya mlango. Mume hakukana. Alikuwa mzima, hajanywa, na alinijibu kwa kujiamini: "Mwenyekiti, kwani kichwa cha nyumba hii ni nani? Wewe si ndiye uliyetusomea?" Kweli, nilikuwa nimewasomea Jumamosi iliyopita. Mpaka mstari wa 23. Nilimwomba mume apunguze hasira, nikamgeukia mke nikamwambia avumilie na asali. Nikasali nao, nikaenda kulala.

Nimelitubu hilo kwa padre, na baada ya mwanangu kutoka hospitali nilikwenda kumwomba msamaha yule mama mwenyewe, mbele ya mume wake. Alinisikiliza akiendelea kuchambua mboga. Akaniambia usiku ule alinisubiri mimi kwa matumaini, na nilipotoka ndipo alipojua kwamba hana mtu. Maneno hayo nayabeba. Ndiyo maana nikisikia mwezeshaji akiwaambia wanaume mia mbili kwamba shida yao ni kukosa kiti, nafikiria ni jikoni ngapi zitakazolipa ada ya semina ile.

Kanisa letu halijakosa mfano wa kuwaonyesha wanaume. Papa Fransisko alitangaza Mwaka wa Mtakatifu Yosefu, tangu tarehe 8 Desemba 2020 hadi 8 Desemba 2021, na katika barua aliyoiandika wakati huo alisema, kwa maneno yangu, kwamba mwanaume hawi baba kwa kumleta mtoto duniani tu, anakuwa baba kwa kubeba wajibu wa kumtunza. Tulitengeneza vitenge vya mwaka ule. Tulikuwa na wimbo. Halafu mwaka ukaisha.

Ukizisoma Injili zote nne hutakuta neno hata moja lililotoka kinywani mwa Yosefu. Mathayo na Luka wametuachia matendo yake tu. Anaamka usiku. Anamchukua mtoto na mama yake, anavuka mpaka kwenda Misri kama wakimbizi wanavyovuka leo kuja Kigoma. Hekaluni anatoa sadaka ya ndege wawili, sadaka ambayo sheria ya Musa iliwaruhusu wasio na uwezo wa kununua mwanakondoo. Nilifikiri habari za ndege wale nilipouza mbuzi wawili kulipa deni la hospitali. Hakuna mahali ambapo Yosefu anadai aheshimiwe na Mariamu.

Sanamu yake kanisani kwetu imempakata mtoto mkono wa kushoto. Nimepiga magoti mbele yake tangu nikiwa mtumishi wa altare, na wanaume wote wa kigango wamepiga magoti pale. Halafu ibada ya ubatizo inaanza, na watoto wote wameshikwa na mama zao au mama wa ubatizo, akina baba wamesimama nyuma karibu na mlango wakisubiri picha. Siamini kwamba hatuioni tofauti hiyo. Nadhani tumekubaliana kimyakimya kwamba ya kwenye sanamu ni utakatifu na ya kwetu ni mila.

Napenda kuomba jambo dogo kwa mapadre na wachungaji, na kwa viongozi wa UWAKA, chama chetu cha wanaume Wakatoliki, na wa vyama vya wanaume katika madhehebu mengine. Siku ya ubatizo, baba ndiye amshike mtoto. Mwiteni mbele kwa jina. Asiyejua kumshika aonyeshwe hapo hapo, mbele ya waumini, kiganja kikae wapi chini ya shingo. Na katika mafundisho ya ndoa, ambayo kwetu humtaka kijana akariri sala na amri, kisha mazungumzo yote yakaishia kwenye mahari na kamati ya harusi, mpelekeni bwana harusi mtarajiwa akashinde siku moja wodi ya watoto njiti. Fedha inayomlipa mwezeshaji wa kutoka mjini inatosha nauli ya vijana wengi kwenda na kurudi.

Najua nitajibiwa kwamba wanaume hawatakuja. Kwamba jumuiyani penyewe hawaji. Ni kweli. Jumamosi iliyopita tulikuwa 23, wanaume tulikuwa watano, na kati yetu wawili ni wajane. Lakini tumewaita waje kufanya nini? Wanawake, tangu WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, ilipoanza mwaka 1972, wana wagonjwa wa kutembelea, yatima wa kulipia sare, mochwari ya kwenda kuosha marehemu. Mwanaume tunamwita kwa michango, na kwa ujenzi wa nyumba ya padre, na kwa kuambiwa kwamba yeye ni kichwa. Tulimwacha chini ya mwembe, pochi mkononi, tukashangaa mbona haingii ndani.

Na wale wanaume chini ya mwembe, nawaomba akina mama na manesi wanisikie, hawakuwa wabaya. Nililala nao. Mmoja alitembea tangu saa nane za mchana kutoka bonde la mbali, amebeba kuku wa kumpikia mkewe supu. Alikuwa akimuuliza kila anayepita mlangoni, "Samahani, mama fulani anaendeleaje?" na kila mtu akimjibu asubiri. Nilipoingia ndani na kufungwa kitenge, yeye alibaki nje. Laiti mlango ungefunguliwa kwa wote wawili.

Mwezi Mei mwaka huu, kama saa tatu usiku, nilisikia pikipiki imezimwa uani. Alikuwa mmoja wa wavulana wa stendi, nilimfundisha darasa la nne, sasa ana miaka 23. Aliniamkia akiwa bado na kofia ngumu kichwani. Mke wake alikuwa amejifungua mchana, miezi saba na nusu, na mtoto ana kilo 1 na gramu 600. Amefika kukopa fedha. Nilimpa nilichokuwa nacho. Akaibana mfukoni, lakini hakuondoka. Alisimama akichezea ufunguo.

"Mwalimu," akasema, "wameniambia mtoto anatakiwa awekwe kifuani, na mama yake hawezi. Wameniambia mimi. Mimi, Mwalimu. Nafanyaje?"

Nikaingia ndani nikatoka na koti la mzee. Nikamwambia aoge kwanza, asijipake manukato, akate kucha. Nikamtazama alivyovaa, fulana nzito isiyofunguka mbele.

"Na uvae shati la vifungo," nikamwambia.